Muulize Fundi wa Rada: Wanaojificha na wanaotaka kuonekana

Barua za safari hii zimegawanyika makundi mawili. Kuna wanaotaka kujua jinsi kitu kinavyoikwepa rada, na kuna wanaolalamika kwamba rada haiwaoni. Nimezichanganya makusudi, kwa kuwa hesabu yake ni moja. Kwa wasomaji wapya: mimi ni fundi mstaafu wa mitambo ya meli, karakana yangu iko Ngamiani, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeimaliza juu ya milingoti ya tagi, zile meli ndogo za kuvuta meli kubwa, na ya meli za mizigo hapa Tanga nikifungua antena. Ndege za kivita sijawahi kuzigusa. Ninayoyasema juu yake yamekwisha kuchapwa siku nyingi, na hesabu zake yeyote mwenye kalamu anaweza kuzirudia.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa PCM, hapa Tanga mjini. Bwenini kwetu kuna ubishi. Wenzangu wanasema kuna ndege za Marekani zimepakwa rangi inayofanya rada isizione kabisa. Mimi nasema chuma hakiwezi kufichika. Nani mkweli? — Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe umekaribia zaidi, ila sababu yako siyo.

Rada hutuma wimbi, kisha hukaa kusikiliza. Wimbi likigonga kitu, sehemu yake hurudi, na mtambo hupima muda uliopita. Kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, kitu kilicho umbali wa kilomita 15 hujibu baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kinachoamua kama utaonekana ni kiasi gani cha wimbi kinarudi kule kule kilikotoka. Ukubwa wako wa kawaida unaweza usiwe na maana sana.

Hicho kinachorudi, yaani mwangwi, hupimwa kwa mita za mraba, na kipimo chake ni mpira wa chuma. Mpira wenye upana wa mita 1.13 una mwangwi wa mita 1 ya mraba, kwa sababu hulitawanya wimbi pande zote sawa. Sasa chukua bati bapa la mita moja kwa mita moja, lielekeze sawasawa kwa rada ya meli inayotumia mawimbi ya sentimita 3. Mwangwi wake unafika mita za mraba 14,000 hivi. Mhariri asifute sifuri, nimeziandika nikiwa macho. Bati halitawanyi, linakusanya kila linachopokea na kukirusha upande mmoja. Hapo ndipo penye hila. Ligeuze kidogo tu, na rundo lote lile linakwenda kando. Ni kama kioo cha kinyozi: akikiinamisha unaona dari badala ya sura yako, na kioo hakijaacha kuwa kioo.

Kwa hiyo umbo kwanza, rangi baadaye. Mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha mwaka 1962 hesabu za jinsi mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo na ncha za vitu. Wakubwa wa kwao hawakuona kitu cha kuficha mle, wakaacha kitabu kitoke. Marekani wakakitafsiri mwaka 1971. Miaka michache baadaye Denys Overholser, mtu wa hesabu katika kampuni ya Lockheed, akaona kwamba kwa njia ile kompyuta inaweza kukadiria mwangwi wa ndege nzima kabla haijaundwa. Lakini kompyuta za siku zile zilimudu mabamba bapa tu. Ndiyo maana F-117, ndege ya Marekani ya kuikwepa rada, ina nyusonyuso kama imekatwa kwa msumeno: kila bamba limelazwa ili wimbi lisirudi lilikotoka. Ile ya majaribio, Have Blue, iliruka Desemba 1977, na F-117 yenyewe Juni 1981. Ndugu yake B-2, iliyoruka mwaka 1989, ina mapindo laini kwa kuwa kompyuta zilikuwa zimekua.

Sasa shika hili, ndilo litakalomaliza ubishi wenu. Nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali likienda, na hupungua tena kwa mraba likirudi. Ukizidisha umbali mara mbili, kinachorudi ni sehemu moja ya 16. Sheria hiyo inailinda rada kuliko inavyomlinda anayejificha. Tuseme rada inaiona ndege kwenye kilomita 160. Mhandisi akipunguza mwangwi mara 16, kazi ya miaka hiyo, rada itaiona kwenye kilomita 80. Akiupunguza mara 10,000, itaiona kwenye kilomita 16. Sifuri haifikiki. Anachonunua kwa mabilioni yote yale ni kuchelewa kuonekana. Katika vita, kuchelewa huko kunaweza kutosha kabisa, sikatai. Lakini wenzako wakisema "haionekani", waulize: haionekani kutoka umbali gani?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kipumbwi. Nina mashua ya mbao, injini ndogo, tanga la akiba. Mara mbili sasa meli kubwa zimenipita karibu sana usiku, moja mpaka tukamwaga maji kwa ndoo. Mwenzangu aliniambia mbao haionekani kwenye rada, nitundike sufuria mlingotini. Ni kweli au ananicheza? — Nahodha, Kipumbwi

JIBU: Hakuchezi, nahodha wangu. Nusu ya maneno yake ni sawa, ila sufuria ipelekwe jikoni.

Mbao kavu hupitisha sehemu kubwa ya wimbi. Kinachorudi kutoka kwenye mashua yako ni injini, misumari, mbao zilizolowa, na nyinyi wenyewe: mwili wa mtu una maji mengi na hutoa mwangwi wa kama mita 1 ya mraba, mara nyingi chini ya hapo. Niliwahi kusimama kwenye chumba cha nahodha wa tagi moja iliyotia nanga mbele ya Raskazone, nimetoka kubadilisha magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi ya rada, najaribu mtambo. Kisiwa cha Toten kimechorwa kwenye skrini hata ukingo wake unaonekana. Boya la chuma, nukta kali. Ngalawa moja ilikuwa inapita katikati, mtu anapiga kafi, mwingine anakunja mshipi, naiona kwa macho kupitia dirishani. Kwenye skrini ilikuwa inawaka mzunguko mmoja wa antena, inazima mitatu, inawaka tena. Na hiyo ilikuwa bahari shwari, asubuhi.

Sasa weka kusi. Mawimbi ya bahari nayo hurudisha mwangwi, skrini inajaa ukoko mweupe kuizunguka meli. Ofisa wa zamu hugeuza kitufe cha kupunguza vurugu za bahari ili aone vizuri. Akikizidisha, vurugu inaondoka, nawe unaondoka nayo. Wala hajafanya uovu. Ndivyo kitufe kilivyo. Ila wapo wanaokigeuza mpaka mwisho na kusahau, na hao nimewasema mbele ya manahodha wao.

Dawa yako ni kona ya mabati matatu. Mabamba matatu yakikutana kwa pembe mraba, kama kona ya chumba pale sakafu inapokutana na kuta mbili, wimbi likiingia linaruka bamba la kwanza, la pili, la tatu, kisha linatoka kuelekea kule kule lilikotoka, hata kama chombo kimeinama. Kona ambayo kila ukingo wake wa ndani una sentimita 30 hutoa mwangwi wa kama mita za mraba 38 kwa rada ya sentimita 3. Linganisha na mpira wa chuma wenye upana wa sentimita 30: mita za mraba 0.07. Sufuria yako ni ndugu wa mpira, isipokuwa kitako chake kiielekee meli sawasawa, na mlingotini inazunguka kama kishada. Tena kona hukua kwa kasi ya ajabu: ukingo ukiurefusha mara mbili, mwangwi unazidi mara 16.

Kuunda si kazi ya kuogopa. Kata mabati matatu ya mraba, pande za sentimita 42, ili kutoka kona hadi kona upate 60. Yachane mipasuo na uyachomeke moja ndani ya jingine mpaka yakae kwa mishazari. Yatatengeneza vikona vinane vinavyotazama kila upande. Tumia skwea ya seremala kila mahali, kisha funga kwa ribiti na vipande vya pembe ili yasichezecheze. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pembe ikikosea nyuzi mbili tatu, wimbi linatoka kando na umebeba pambo. Bati lililogongwagongwa likabonyea nalo halifai. Ukitaka wavu badala ya bati, upepo usikusumbue, matundu yasizidi milimita 3. Kisha kitundike juu uwezavyo, kikona kimoja kikitazama mbinguni kana kwamba kinakinga mvua. Ukikitundika kwa ncha, vikona vinaelekea vibaya na unapoteza faida nyingi. Kikiwa chini, mita moja juu ya maji, kila wimbi linalopita linakifunika.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka vyombo vya chini ya tani 150 vibebe kiakisi cha namna hii inapowezekana, kionekane kwa rada za gigahezi 9, yaani zile za wimbi la sentimita 3, na za gigahezi 3 pia. Rada ya gigahezi 3 ina wimbi la sentimita 10, na kwa hiyo kona yako ya sentimita 30 inashuka mpaka mita za mraba 3 na ushei. Meli kubwa hupenda kuitumia rada hiyo kwenye mvua. Ukipata bati la kutosha, tengeneza kikubwa zaidi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Bagamoyo. Nimesoma kwamba rangi ya kunyonya rada ina kaboni ndani. Nikisaga mkaa au kaboni ya betri nikachanganya na rangi ya mafuta, nikapaka kitu cha chuma, itafanya kazi? — Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Nzuri, mchoraji. Haitafanya kazi, na sababu yake ni tamu.

Wimbi la rada likigusa chuma, nguvu yake ya umeme juu kabisa ya uso ule inakuwa karibu sifuri. Kaboni hunyonya kwa kutumia nguvu hiyo ya umeme, inaigeuza kuwa joto. Ukiipaka nyembamba juu ya chuma umeiweka mahali pasipo na chakula. Mahali penye chakula ni robo ya wimbi kutoka kwenye chuma. Mmarekani Winfield Salisbury, zama za Vita vya Pili vya Dunia, aliweka karatasi nyembamba yenye ukinzani wa omu 377, sawa na ukinzani wa anga tupu, kwenye umbali huo hasa. Kinachorudi kutoka kwenye karatasi na kinachorudi kutoka kwenye chuma vinapingana vikafutana. Kwa rada ya meli, robo ya wimbi ni karibu milimita 8. Inabebeka. Ila karatasi hiyo ni ya wimbi lile tu. Rada ikibadilisha masafa, yaani urefu wa wimbi lake, mchezo umeharibika.

Ndiyo maana huongezwa tabaka juu ya tabaka, au hutumiwa unga wa chuma na wa feraiti (kauri yenye sumaku), ambao hula upande wa sumaku wa wimbi na hivyo huweza kukaa juu ya chuma chenyewe. Ni nyembamba, lakini uzito wake ni wa chuma kweli, na ndege hailipendi hilo.

Wala haitegemei tu ujanja wa mkemia. Mwaka 2000 Konstantin Rozanov alionyesha kwa hesabu kwamba kinyonyaji kisicho na sumaku, kitakachoondoa sehemu tisa kati ya kumi za mawimbi yote, mafupi hadi marefu, hakiwezi kuwa chembamba kuliko sehemu moja ya 17 ya wimbi refu kabisa unalotaka kulinyonya. Ukitaka kunyonya yote mpaka ya rada ya wimbi la mita 2, unahitaji karibu sentimita 12 za blanketi mwili mzima. Na baada ya shida yote hiyo? Umeondoa sehemu tisa kati ya kumi, lakini rada iliyokuwa ikikuona kwenye kilomita 100 sasa inakuona kwenye 56. Mchoraji wangu, endelea na mabango.

SWALI: Kama ndege ile ya F-117 ni hodari hivyo, ilitunguliwaje Serbia? — Dereva wa lori, Chumbageni

JIBU: Usiku wa tarehe 27 Machi 1999, kikosi cha Kanali Zoltán Dani kiliangusha F-117 kwa kombora la S-125, mtambo wa Kisovieti wa miaka ya sitini. Rubani, Dale Zelko, aliruka kwa mwavuli akaokolewa. Baadaye Dani alikuwa mwoka mikate, na wawili hao wakaja kuwa marafiki. Kisa hicho kinanipendeza kuliko kombora.

Rada yake ya kutafuta ilikuwa P-18, inayotumia wimbi la karibu mita 2. Mabamba yaliyolazwa hufanya kazi pale wimbi linapokuwa fupi sana kuliko bamba. Wimbi likikaribia urefu wa mkia au ukingo wa bawa, halirushwi kando tena kwa utaratibu. Sehemu ile nzima inaitikia na kutangaza pande zote. Unene wa kunyonya nao hautoshi, kama nilivyomweleza mchoraji. Udhaifu wa wimbi refu ni kwamba linakuambia "yupo upande ule" bila kukupa shabaha ya kombora. Shabaha ilichukuliwa na rada ya mtambo wenyewe, ya wimbi fupi, ndege ikiwa imefika takriban kilomita 13. Tazama: wimbi fupi nalo liliiona. Liliiona kwa kuchelewa tu.

Kuna mlango mwingine ambao umbo haliwezi kuufunga. Kitu kikinyonya kila kinachokipiga, nyuma yake kinabaki kivuli, na kivuli hicho kinavuruga wimbi linalopita. Ukiweka mpokeaji upande wa pili, mbali na mtumaji, anausikia mvurugo huo. Si jambo geni: jaribio la Waingereza karibu na Daventry, Februari 1935, ambalo lilizaa rada yao, halikuwa na mtumaji wake. Robert Watson-Watt alitumia mawimbi ya kituo cha redio cha BBC yaliyokuwa hewani tayari, akasubiri ndege ipite.

SWALI: Sitaji jina. Nina boti, napita usiku kati ya Pemba na huku na mzigo wangu wa madumu na mapipa. Nipe mbinu doria wasinione. — Msiri

JIBU: Ndugu Msiri, hapa umekosea ofisi. Mbinu sikupi, lakini hesabu nitakupa ili ulale vibaya. Pipa moja la chuma la lita 200 likiwa limesimama wima, ubavu wake ukiitazama rada ya meli, linatoa mwangwi wa zaidi ya mita za mraba 40. Ni zaidi ya kile kiakisi nilichomwelekeza nahodha wa Kipumbwi akiunde. Una mapipa mangapi? Na kamera ya joto haihitaji mwangwi. Injini yako inawaka kama jiko.

SWALI: Fundi, niliona mtandaoni joho la kumfanya mtu asionekane. Lipo? — Msomaji, Pongwe

JIBU: Mwaka 2006 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, pamoja na John Pendry wa London, walizungushia silinda ndogo ya shaba mapete yaliyobuniwa kulipindisha wimbi la rada lipite kando yake kama maji yanavyopita nguzo ya daraja. Lilifanya kazi kwa kiasi, kwa masafa yale yale waliyoyachagua. Wimbi linalozunguka lina safari ndefu kuliko lililonyooka na linatakiwa lifike pamoja nalo. Hilo hupatikana kwenye ukanda mwembamba wa masafa tu. Mtu mzima, masafa yote, hapana.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mume wangu anavua dagaa usiku, nje ya Sahare, wanawasha taa kali kweli. Anasema na taa zile hakuna meli itakayomkosa, hivyo hataki kubeba hilo bati. Nimwambie nini? — Mama watoto, Sahare

JIBU: Marahaba mama. Taa ni ya macho. Rada haijui taa imewaka au imezimwa, na ofisa anayetazama skrini kwenye chumba chenye mvua ya kusi dirishani hazioni hata hizo taa. Mwambie asizizime, maana mlinzi wa meli anatakiwa aangalie nje pia, na sheria inamtaka. Lakini bati nalo lipande. Kama tatizo ni uzito, mabati ya alumini hayafiki hata uzito wa nanga yake. Kama tatizo ni kwamba wenzake watamcheka, aje Ngamiani Jumamosi, ninalo moja lililoundwa tayari. Tutalipima kwa skwea mbele yake, alichukue.